Humdrum si Ngoma

"At our home we have humdrum every Sunday and people are very happy."

Sentensi hiyo iliandikwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti, mwaka jana nilipokuwa TP. Alimaanisha kwamba nyumbani kwao wana humdrum kila Jumapili na watu hufurahi sana. Niliisoma nikacheka. Kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya darasa zima ili na wao wacheke, na kweli wakacheka. Halafu nikachora kosa kubwa jekundu pembeni.

Leo naandika habari za kosa hilo jekundu. Wenzangu wa Ndaki ya Elimu mnaojiandaa kwenda TP mwaka huu, nisomeni mpaka mwisho, maana ada ya somo hili nimeshawalipia.

Nianze na mimi mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Temeke, nimekulia kwenye kelele za bajaji na muziki wa jirani usioulizwa ruhusa. Nilipochaguliwa UDOM nilishuka stendi na begi langu, nikapanda daladala mpaka huku Chimwaga, nikakuta upepo, vumbi, vilima vya mawe na majengo ambayo kutoka moja kwenda lingine unaweza kuota jasho mara mbili. Usiku ule nilituma ujumbe kwenye grupu la shule yetu ya zamani: "Dom inaboa kinoma." Nikapata vicheko kumi na saba. Nadhani hata wewe unayesoma hapa, kama si mwenyeji wa huku, umewahi kuandika kitu kama hicho.

Basi, ilipofika zamu ya TP, wenzangu wengine walipangiwa Arusha, wengine Dar, mimi nikapata shule moja ya kata wilayani Chamwino. Wiki nane. Nilikwenda kipindi cha kiangazi. Anayeijua nchi ya Wagogo anajua kiangazi chake: mvua za huku ni za msimu mmoja tu, zinaanza Desemba na kuisha Aprili hivi, na baada ya hapo ni jua na upepo. Mashamba ya uwele na mtama yameshavunwa, yamebaki mabua. Mibuyu imesimama haina jani. Ukitazama kulia ni tambarare, ukitazama kushoto ni tambarare. Mchana ugali na mlenda, usiku ugali na mlenda, siku ya sikukuu ugali na kuku na mlenda pembeni.

Masomo yangu ya kufundishia ni Kiingereza na Kiswahili. Wiki ya pili nikiwa naandaa kipindi cha msamiati nilikutana na neno hilo, humdrum, kwenye kamusi ya simu. Maelezo yake: kitu kisicho na jipya, cha kila siku, kinachochosha kwa kuwa ni kilekile. Nikasema moyoni, hili ndilo neno la hapa nilipo. Na niseme ukweli wote: nililipenda pia kwa sababu walimu wenzangu wa pale shuleni walikuwa hawalijui. Nilitaka waone kwamba huyu dada wa chuo kikuu anaweza kumwaga ung'eng'e.

Nikaliingiza kwenye andalio la somo.

Kipindi chenyewe

Kipindi kilianza vizuri. Nilianzia kwenye bored na boring, kwa sababu hapo Watanzania wengi tunateleza, hata sisi wa mwaka wa tatu. Nina rafiki yangu wa hosteli aliyewahi kumwandikia mhadhiri ujumbe wa kuomba kubadilishiwa kituo cha TP, akamalizia na "Sir, I am very boring here." Yeye alitaka kusema amechoshwa na mazingira. Alichosema ni kwamba yeye mwenyewe anachosha watu. Mhadhiri akamjibu kwa upole kwamba amesikitika kusikia hivyo.

Nikawaambia wanafunzi: boring ni yule au kile kinachochosha, bored ni yule aliyechoshwa. Mwalimu akiwa boring, wanafunzi wanakuwa bored. Wakaelewa haraka, na mmoja akanong'ona kitu kwa Kigogo, watu wakacheka, nikajifanya sijasikia.

Tukaingia kidogo kwenye Kiswahili. Vijana wanasema "inaboa" na "nimeboeka", maneno yaliyotoka kwenye bore ya Kiingereza. Lakini wengi wanasema "nimeboreka", na hapo ndipo pana kichekesho, maana kuboreka kwa Kiswahili sanifu kunatokana na bora. Ni kuwa bora zaidi. Ukimwambia bibi yangu kule Temeke "bibi, nimeboreka", atakupongeza na kukuombea dua uendelee hivyohivyo.

Mpaka hapo darasa lilikuwa langu. Sasa nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HUMDRUM. Nikasema ni kivumishi. Nikatoa mfano: "Village life is humdrum." Maisha ya kijijini ni ya kuchosha, hayana jipya. Niliandika hivyo mbele ya watoto sitini na kitu waliozaliwa na kukulia kijijini. Siku ile sikuona tatizo lolote.

Nikawapa kazi: kila mmoja atunge sentensi moja. Wengi walifanya alichofanya mwanafunzi yeyote mwenye akili, walichukua sentensi yangu wakabadilisha neno moja. "School life is humdrum." "Town life is humdrum." Huyo wa pili sidhani kama amewahi kukaa mjini, lakini nilimpa vema.

Ila kijana mmoja wa dawati la nyuma, aliyekuwa akinyoosha mkono kila siku hata kama jibu hana, alilisikiliza neno badala ya kunakili mfano. Alisikia drum ndani yake. Drum anaijua, ni ngoma. Na ngoma nyumbani kwao ipo kila Jumapili. Akaandika sentensi yake mwenyewe, ya maisha yake mwenyewe, na kisarufi ilikuwa imenyooka kuliko nyingi.

Nilichofanya nimeshakisema. Nikaongeza na maelezo: "Kwanza humdrum ni kivumishi, siyo nomino, huwezi kusema we have humdrum. Pili, humdrum siyo ngoma." Darasa likapasuka. Tangu mchana ule mpaka jioni, kijana wa watu akawa anaitwa Humdrum.

Kesho yake hakunyoosha mkono, wala keshokutwa. Mimi nikaona afadhali, sasa darasa limetulia.

Swali la msimamizi

Wiki ya nne msimamizi wangu akaja kutoka chuoni. Wote mnajua siku hiyo ilivyo: unapiga pasi sketi mara mbili, zana za kufundishia unazibandika mpaka ukuta unalalamika. Nilifundisha marudio ya vivumishi. Nilipouliza maana ya humdrum, macho ya darasa zima yakageuka dawati la nyuma, vicheko vya chinichini vikaanza. Kijana akainamisha kichwa kwenye daftari kama anatafuta kitu.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwarobaini. Msimamizi akanipa alama nzuri kwenye andalio, kwenye ubao, hata kwenye sauti. Kisha akauliza:

"Hilo neno, mwalimu, ulilitoa wapi?"

Nikasema kwenye kamusi.

"Wewe mwenyewe mara ya mwisho kulitumia ilikuwa lini?"

Nikanyamaza. Maana sijawahi. Sijawahi kulisema kwa mtu, sijawahi kuliandika kwenye mtihani, sijawahi kulisikia redioni. Nilikuwa nimelijua kwa siku nne tu kabla ya kulifundisha.

"Na yule kijana wa nyuma ana nini?"

Hapo nikajibu haraka, "Ni mkimya tu, sir." Nilimsingizia mtoto tabia ambayo nilimpa mimi. Msimamizi akaandika kitu kwenye fomu yake, akafunga kalamu, akaondoka na gari la chuo kuelekea shule nyingine.

Jibu lile lilininyima usingizi.

Nililofundisha bila kulijua

Usiku ule nilinunua bando nikakaa kulisoma neno ambalo nilikuwa nimeshalifundisha. Ndiyo, nilianza kusoma baada ya kufundisha. Usinicheke, nawe utafanya.

Nikakuta mambo. Humdrum ni neno la siku nyingi, Waingereza wanalo tangu karne ya 16. Sehemu ya kwanza, hum, ni mlio wa kuvuma kama wa nyuki au wa mtu anayeimba kafunga mdomo. Sehemu ya pili inaelekea ilibandikwa kwa ajili ya kina tu, ili neno lijirudie lenyewe. Yaani kijana alikosea kusikia ngoma, lakini hakukosea kusikia mlio. Neno limetengenezwa kwa sauti inayojirudia, na sikio lake ndilo lililokamata hilo, siyo langu.

Na sisi tunayo maneno ya namna hiyo, ila hatuyatazami. Shaghalabaghala. Hohehahe. Sehemu moja inasema, nyingine inaitikia kwa kina. Hata wazo lenyewe la kitu kisichobadilika sisi tunalisema kwa uradidi: yaleyale, palepale, walewale, vilevile. Mtu akikuuliza mambo vipi ukajibu "yaleyale", tayari umeshamwambia kila kitu. Ningeweza kuanzia hapo. Ningewaambia wanafunzi, jamani, humdrum ni yaleyale ya Waingereza, wangecheka kwa kuelewa na siyo kwa kumcheka mwenzao.

Nikasoma na matumizi. Kumbe haya maneno ya kuchosha hayafanyi kazi moja. Monotonous inatokana na Kigiriki, maana yake ni sauti moja, ndiyo maana inakaa vizuri kwa mhadhiri anayesoma slaidi bila kupanda wala kushuka. Tedious inakaa kwa kazi ndefu inayokula muda, kama kujaza fomu za mkopo. Drab ni ya rangi na mwonekano uliofifia. Humdrum yenyewe inapenda kukaa mbele ya maisha, kazi, ratiba, mji. Ni neno la mtu anayetazama siku zake, au siku za mwenzake, na kuona hazina ladha.

Halafu nikakuta kilichonichoma zaidi. Humdrum ni kivumishi, lakini ni nomino pia. Waingereza wanasema the humdrum of everyday life, na zamani hata mtu mwenye kuchosha aliweza kuitwa a humdrum. Kwa hiyo sentensi ya kijana ilikuwa na kosa la maana, hilo halina ubishi, humdrum si ngoma. Lakini ile sababu ya kwanza niliyoitoa mbele ya darasa kwa kujiamini, kwamba neno hili siyo nomino, haikuwa kweli. Nilimcheka mtu kwa kosa huku nami nafundisha kosa.

Nikajaribu sasa kulitafsiri sawasawa kwa Kiswahili, nikakwama. Kamusi zinatoa maelezo: -a kuchosha, -siobadilika, -sio na jipya. Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili, tunatumia vitenzi. Kinachochosha, kinachokinaisha, kinachochusha. Mwanzoni niliona huo ni upungufu. Nilipotulia nikaona vitenzi hivyo vina kitu humdrum haina. Kuchosha ni choka iliyotiwa kauli ya kutendesha. Kukinaisha ni kinai iliyofanyiwa vivyo hivyo. Kitenzi cha kutendesha kina mtendwa wake. Ukisema "maisha haya yanachosha", swali linafuata lenyewe: yanamchosha nani? Yananichosha? Yanakuchosha? Yanawachosha? Lazima uchague silabi moja ya kuweka katikati.

Kiingereza kilinipa nafasi ya kukwepa hilo swali. "Village life is humdrum." Nani kachoka? Hakuna aliyetajwa. Uchovu umebandikwa kwenye kijiji kama rangi ya ukuta. Ningeandika sentensi ile kwa Kiswahili kwa uaminifu, ningeandika: "Maisha ya kijijini yananichosha mimi, mtoto wa Temeke, niliyefika wiki mbili zilizopita." Hiyo ingekuwa kweli, na hakuna mtoto ambaye angeinakili.

Jumapili

Nilipanga chumba kwa mama mmoja karibu na shule. Jumamosi jioni tukiwa tunachambua mlenda nikamuuliza, kama mtu anayefanya utafiti, "Mama, haya maisha ya kila siku kitu kilekile, huchoki?"

Akanitazama. "Kuchoka nachoka, mwanangu. Maji."

"Maji?"

"Kisima kiko mbali, halafu foleni. Ukienda saa kumi alfajiri unarudi kumekucha. Hapo nachoka."

"Na mengine? Kupika, kusalimia watu, ugali ule ule?"

Akacheka, akaniuliza kama kwetu Dar tunakula nini tofauti kila siku. Nikafikiria wali maharage wa kantini yetu, nikanyamaza.

Jibu lake nimelibeba mpaka leo. Hakusema kijiji hakichoshi, na wala mimi siandiki hapa kukusifia kijiji. Dumu la lita ishirini kichwani siyo utamaduni, ni shida. Lakini yeye alijua kinachomchosha, akakitaja kwa jina na kwa umbali. Mimi na neno langu tulikuwa tumekusanya kila kitu, maji, ugali, salamu, mibuyu, tukakipa jina moja, na kwenye jina hilo shida yake ya maji ilikuwa haionekani kabisa. Ukisema maisha ya mtu ni humdrum, hakuna anayekwenda kuchimba kisima.

Kesho yake, Jumapili mchana, nikasikia ngoma. Mama akasema, "Ni akina mama wa kikundi, wanafanya mazoezi. Twende." Tukaenda. Njiani kila tuliyekutana naye ilikuwa "Mbukwenyi", tunasimama, tunaulizana nyumbani, watoto, mifugo, kisha tunaendelea hatua chache na kuanza upya na mwingine. Wiki ya kwanza salamu zile zilikuwa zinanimaliza. Siku hiyo niliona mama yangu mwenye nyumba akipata kwenye salamu hizohizo kwamba jirani mmoja ana mgonjwa. Akageuza njia, tukapita kumwona kwanza.

Uwanjani walikuwa wanawake kumi na kitu, ngoma wamezibana katikati ya mapaja, wanazipiga kwa viganja. Hiyo ndiyo muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Wengi wetu tunaijua kwa mbali, tumeiona kwenye sherehe za kitaifa wakati wa kupokea wageni, dakika tatu halafu hotuba. Wengine tunajua muziki wa Kigogo kupitia Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliyepeleka zeze na ilimba mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa saa nzima nikasikiliza.

Robo saa ya kwanza, nikiri, niliisikia kama kitu kimoja. Ti-ti-ta, ti-ti-ta. Kisha nikaanza kumwangalia mama mmoja aliyekaa pembeni ambaye alikuwa anapiga vilevile, habadilishi chochote, uso umetulia kama anasonga ugali. Nikagundua wengine wote wanabadilisha kwa kumfuata yeye. Wanaingia wakati wake, wanatoka, wanapishana, sauti zinapanda juu ya sauti, na wakipotea wanamrudia yeye. Alipopumzika kidogo kunywa maji, mazoezi yote yakalegea, wakasimama kumngoja.

"Yule ndiye mama wa yule mwanafunzi wako mrefu," mwenye nyumba akaniambia. "Yule anayekaa nyuma."

Kijana mwenyewe alikuwa upande wa pili, anachunga mbuzi wachache huku anaangalia. Aliponiona akasimama wima kama shuleni. "Shikamoo, madam." Nikaitikia, tukabaki tunatazamana. Humdrum kila Jumapili, na watu wanafurahi sana. Kila kitu alichoandika kilikuwa mbele yangu, kasoro jina.

Kuomba radhi

Wote tunajua kwamba mwalimu wa Tanzania haombi radhi kwa mwanafunzi. Hatujafundishwa chuoni na hatukufanyiwa tulipokuwa wadogo. Nilizunguka na jambo hilo siku mbili. Jumatano nikaingia darasani, nikaandika tena HUMDRUM ubaoni, nikasema:

"Wiki zilizopita niliwaambia neno hili siyo nomino. Nilikosea. Linaweza kuwa nomino. Na nilisoma sentensi ya mwenzenu kwa kumcheka, hilo nalo nilikosea. Hilo jina mnalomwita liishe leo."

Darasa likawa kimya, ule ukimya wa watu wasiojua kama wanaruhusiwa kusikia wanachosikia. Kijana wa nyuma, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, akanyoosha mkono.

"Madam, kwa hiyo ile sentensi yangu, nikiiandika kwenye mtihani wa NECTA, napata?"

"Hapana," nikasema. "Unakosa."

Darasa likacheka, na yeye akacheka, na mimi. Sikutaka kumdanganya tena, hata kwa wema. Nikamwambia abadilishe neno moja tu, aandike drums, sentensi yote iliyobaki ni nzuri. Akaandika. Nikapita na kalamu nyekundu nikaweka vema. Lile kosa la kwanza lilibaki pale juu, siwezi kulifuta, daftari ni lake.

Yaleyale

Sasa nimerudi Chimwaga, nipo mwaka wa mwisho, na jambo linalonisumbua ni la kwangu mwenyewe. Mimi naingia kazi ambayo wengi wataiita humdrum. Hesabu ni rahisi. Nikiajiriwa nikiwa na miaka 24, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60, nina miaka 36 ya kufundisha bored na boring. Mwalimu aliyekuwa mlezi wangu kule shuleni amefundisha nyakati za Kiingereza tangu kabla mimi sijazaliwa. Chaki ileile, mifano ileile. Siku moja nilimuuliza kama hachoki. Akasema mshahara unamchosha, darasa la watoto themanini linamchosha, kusubiri kupandishwa daraja kunamchosha. Akafikiria kidogo, akasema, "Lakini present tense hainichoshi. Mimi naijua, wao ndiyo mara yao ya kwanza."

Sijui kama nitaweza kusema hivyo nikiwa na umri wake. Ninachojua ni kwamba nikianza kuchoka nitatakiwa nikitaje kinachonichosha kwa jina lake, kama wale wazee wawili walivyofanya, siyo nikipake darasa zima rangi halafu niwaache watoto waamini kwamba rangi hiyo ni yao.

Juzi hapa hosteli, dada mmoja wa mwaka wa kwanza ametoka Mwanza, amekaa kitandani na begi bado halijafunguliwa, anaongea na simu. "Mwenzangu, Dom inaboa." Nilitaka kumkatiza nimpe hotuba yote hii. Nikajizuia. Nilingoja amalize simu, nikamuuliza, "Inakuboa nini hasa?"

Akafikiria. "Sina mtu ninayemjua," akasema.

Nikamwambia avae viatu, twende tukanywe chai. Neno lenyewe humdrum sijalitumia tena kwa mtu yeyote tangu siku ile, isipokuwa kwenye makala hii.